Mwanafunzi wangu wa cherehani amekimbia kipigo, mumewe yuko nje kwa dhamana. Nimlindeje mpaka kesi iishe?

BiOverloki

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi nguo, kuandika si kazi yangu, mtanisamehe nikizunguka.

Nina fremu Mbagala (nilitaja ni mtaa gani na iko mkabala na nini, nimefuta, sababu mtaiona chini). Ndani kuna cherehani tatu, overloki moja na wasichana wawili ninaowafundisha. Mmoja wao ndiye aliyenileta hapa. Ana miaka 24 na mtoto wa miaka mitatu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu: mpe kitenge cha maua makubwa, atayakutanisha kwenye mshono wa mgongoni bila kuambiwa. Nimeanza na sifa hiyo kwa sababu kituoni anaitwa mlalamikaji, mahakamani mlalamikaji, hata mjomba wake siku hizi anamwita hivyo kwa kejeli.

Nilijua lini? Nilijua kwa tepu. Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha, tunashona sare za harusi ya dada yake, nikamsimamisha nimpime. Tepu ilipopita chini ya matiti akaruka kama nimemchoma pasi. Nikamwambia inua mikono, mkono wa kushoto ukaishia begani. Sikumuuliza siku ile. Niliandika vipimo vyangu, nikampa kipande cha barafu kutoka kwa mama wa juisi, tukaendelea na vishikizo. Najilaumu, lakini nilikuwa nasubiri aseme mwenyewe.

Alisema mwezi mmoja baadaye, saa tano usiku, mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, damu mpaka kwenye kanga. Mfuniko wa sufuria. Nyuzi saba juu ya jicho. Mimi kazi yangu ni kuhesabu mishono, hii niliihesabu mara mbili.

Tukaenda kituo cha polisi, sitaji kipi. Askari wa kaunta swali lake la kwanza lilikuwa, "Mmeshakaa kikao cha familia?" Yule wa dawati la jinsia hakuwa zamu. Tukapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu, na PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, tukaenda kushonwa, tukarudi. Siku ya tatu ndipo jamaa akakamatwa, na bajaji ya kumfuata nililipa mimi. Akawekwa ndani asubuhi. Jioni, kabla mtoto hajamaliza uji, yuko nje kwa dhamana, amekuja na mama yake na kilo mbili za nyama. Nyama ile niliwarudishia. Jirani yangu mpaka leo ananishangaa.

Kesi ipo mahakama ya wilaya, shambulio la kudhuru mwili. Imeshapangwa mara tatu. Mara ya kwanza hakimu ana udhuru. Mara ya pili daktari hakufika. Mara ya tatu jalada halijaletwa. Tarehe ijayo ni ya 19. Katikati ya tarehe na tarehe kuna wiki mbili na zaidi, na wiki hizo hakuna anayezihesabu isipokuwa sisi. Anapita mbele ya fremu kila siku mchana, haongei, anaangalia tu. Usiku anatuma meseji. Moja inasema, "Kama ni jela nitaenda kwa kosa la maana." Ninayo.

Mjomba anataka kesi ifutwe, jamaa atoe laki mbili za matibabu na mbuzi. Kungwi wake, mama niliyemheshimu sana, alikuja akakaa kwenye stuli yangu akamwambia mwanamke hutunza siri ya chumba. Mjumbe wetu naye akanivuta pembeni: "Fundi, mke wa mtu sumu." Na jamaa mwenyewe anatangaza mtaani kwamba atanishtaki mimi kwa kumtorosha mkewe. Hawana cheti. Alipeleka posa na mahari nusu, wakaishi miaka minne, majirani wote wanawaita mume na mke.

Sasa hivi msichana analala ndani ya fremu juu ya marobota ya vitambaa vya sare, mtoto analala kwangu. Mwenye fremu akijua atatutoa wote, mkataba unakataza kulala.

Ninachouliza ni hiki. Mpaka hakimu aamue, nani anamzuia huyu mtu asifike mlangoni? Kuna karatasi yoyote ninayoweza kuiomba? Na kweli nina kosa la kumhifadhi?

---

Mzee wa Kahawa

Fundi, nakushauri kama dada yangu. Mambo ya mke na mume ukiyaingilia, wao watapatana na wewe utabaki mbaya. Nimeona zaidi ya mara kumi. Wiki ijayo atarudi kwa mumewe, wewe utakuwa ndiye uliyemchochea.

---

BiOverloki

Mzee wangu, shikamoo. Alisharudi mara mbili, silifichi. Mara ya kwanza kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imelipwa miezi sita na yeye hana pa kulala. Mara ya pili kwa sababu mtoto alikuwa ameshikwa na bibi yake upande wa kiumeni. Katika hao zaidi ya kumi uliowaona, ulimuuliza hata mmoja alirudi kufuata nini?

---

Kinyonga wa Temeke

Dada, kabla ya lolote, RUDI UHARIRI BANDIKO LAKO. Umetaja mtaa, umetaja duka mnalotazamana nalo, umesema analala ndani ya fremu. Jamaa ana simu kama wewe. Na kama mna kundi la mtaa la WhatsApp, usiandike humo chochote, mjumbe wako yumo na shemeji zake wamo.

Jina lako nalo linakusema.

---

BiOverloki

Nimefuta. Asante, mwili umenisisimka. Jina naliacha, Mbagala mafundi tuko wengi kama mbu wa masika. Ila usiku huu halali tena kwenye fremu.

---

Karani Mstaafu

BiOverloki, nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi, nimeyabeba majalada ya namna hii mikononi. Nitakujibu kirefu kidogo, kunywa chai.

Nianze na kosa lako wewe, maana naona linakunyima usingizi. Sheria ya Ndoa ya 1971 kweli ina dai la fidia dhidi ya mtu anayemshawishi mke au mume wa mwenzake aondoke. Wengi wanaotishia hawajaisoma, wamesikia tu kijiweni. Ni madai ya pesa, si jinai, hakuna polisi wa kukufunga pingu kwa hilo. Atatakiwa aonyeshe ulimshawishi, na hapo mwenendo wake mwenyewe utawekwa mezani: nyuzi saba. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Halafu fikiria: hana cheti. Ili akudai wewe kwa kumtorosha "mkewe", itabidi kwanza aithibitishie mahakama kuwa ni mkewe. Akifanikiwa, atakuwa amemfanyia binti kazi ambayo wakili angeilipisha. Wameishi pamoja zaidi ya miaka miwili na watu wanawatambua kama mume na mke, sheria ina dhana ya ndoa kwa watu kama hao, na kutoka hapo kunaweza kufuata matunzo na mgawanyo wa walichochuma. Mwache aende.

Pili, karatasi. Tanzania Bara hatuna mpaka leo sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Mwanamke hawezi kuingia mahakamani asubuhi akatoka mchana na amri ya ulinzi iliyosimama yenyewe. Chini ya Sheria ya Ndoa mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzi wake, lakini hiyo inashikana na shauri la ndoa: kutengana, talaka, kubatilisha. Ni mlango mwingine, mrefu. Akitaka kuupitia, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha mashauri ya familia, mahakama za ngazi zote chini ya paa moja, mirathi na ndoa. Ila usisubiri huo kwa ajili ya usiku wa leo.

Ulichonacho mkononi tayari ni dhamana yake. Watu wanaona dhamana ni mlango wa kutokea tu. Dhamana ina masharti. Mbali na wadhamini na barua ya mtaa, hakimu ana uwezo wa kuongeza: mshtakiwa aripoti kituoni siku kadhaa, asifike eneo fulani, asikutane wala kuwasiliana na mtu fulani. Akivunja, dhamana inaweza kufutwa, arudi ndani. Hiyo ndiyo amri ya ulinzi ya maskini, na ipo ndani ya jalada lenu tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeiomba tu. Hakimu hana habari kwamba jamaa anapita mbele ya fremu. Hatoi asichoombwa.

Anayeomba ni mwendesha mashtaka, si wewe. Basi tarehe 19 fika saa mbili kasorobo, kabla hajaingia ndani, maana akishaingia ana majalada arobaini. Mpe karatasi MOJA. Usimpe simu aanze kupekua. Andika tarehe, saa, alichofanya, alichotuma, neno kwa neno, nani aliona. Chini andika maeneo anayotakiwa asifike. Picha za meseji zichapishwe steshenari, namba ya simu ionekane, na simu yenyewe isiuzwe wala isifutwe kitu. Vitisho vile vikaripotiwe kituoni pia, vipate RB yake. Ni tukio jipya, lisichanganywe na la zamani.

Askari wa kaunta akikuuliza tena habari ya kikao, usibishane naye. Omba dawati la jinsia na watoto. Hayupo, omba mkuu wa kituo. Hayupo, uliza OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, anapatikana wapi, uliza kwa sauti ya kawaida, huku umeshika kalamu. Kalamu inasaidia, sijui kwa nini.

Jambo la mwisho, na hili amwambie mjomba. Binti hawezi kufuta kesi. Si yake. Ni ya Jamhuri, yeye ni shahidi. Na anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi hata kama ni mke halali wa ndoa, kwa sababu aliyedhuriwa ni yeye. Watu huona sheria hiyo inamkandamiza mwanamke. Mimi nimeona ikiwaokoa: "Mjomba, hata nikitaka siwezi, nikikaidi wito nitakamatwa mimi." Mzigo unatoka kichwani kwake unakwenda kwa serikali, serikali ina kichwa kikubwa.

Ila mwe macho na hati ya mashtaka. Shambulio la kawaida mahakama inaruhusiwa kulisuluhisha, watu wakapeana mikono na fidia. Kudhuru mwili ni jambo zito zaidi, adhabu yake inafika miaka mitano. Nimeona la pili likishushwa kuwa la kwanza na mbuzi akaliwa. Muulize mwendesha mashtaka kila mara: kosa bado ni lile lile?

---

Mama Wawili

Shikamoo Karani. Ningekupata wewe miaka tisa iliyopita!

BiOverloki, mimi niliishi upande wa Kigogo, na nilitoka. Sheria ameshaimaliza Karani, mimi nikwambie ya ndoo.

Kipindi kibaya kuliko vyote ni kile cha kuondoka na siku za baada ya kuondoka. Wangu alikuwa ananipiga kofi moja moja kwa miaka. Siku aliyoona begi ndiyo siku aliyoshika kisu. Kwa hiyo safari ya pili sikuwa na begi. Nilitoa vitu ndani ya ndoo ya nguo za kufua, wiki tatu. Leo cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimefungwa ndani ya foronya. Kesho kadi ya kliniki. Keshokutwa kitambulisho cha NIDA. Viliishia kwa mama muuza mkaa, mtu ambaye mume wangu hakuwahi hata kumsalimia. Usiviweke kwa rafiki anayejulikana, ndiko watakakoanzia. Msichana wako ametoka bila kitu, muulize vyeti viko wapi. Kama vipo kwa jamaa, asiende kuvifuata peke yake wala na wewe. Aende na askari wa dawati au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mchana, na aandike orodha ya alivyochukua.

Laini ya simu je? Ya kwangu ilisajiliwa kwa kitambulisho chake. Alikuwa anakwenda dukani kwa wakala anaambiwa salio langu. Asajili laini mpya kwa kitambulisho chake mwenyewe, ile ya zamani ibaki na wewe imewashwa ili vitisho viendelee kuingia, ni ushahidi.

Mtoto kama anakwenda shule ya awali, mwalimu aambiwe wazi nani anaruhusiwa kumchukua, kwa maandishi. Wangu walimchukua saa sita mchana, shangazi yake mtu, na biskuti mkononi. Siku nne sikumwona. Nilirudi kwa ajili hiyo, Mzee wa Kahawa, uliyeuliza kama hujauliza. Ustawi wa Jamii ndio walionisaidia kumpata, na nilikuja kujua kumbe mtoto wa chini ya miaka saba sheria inaanza kwa kuona anafaa kukaa na mama yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwambie binti aende Ustawi wa Jamii wa manispaa sasa, kabla hajanyang'anywa. Namba 116 nayo ni ya mambo ya watoto, haina malipo.

Kama hajapimwa vizuri, hospitali ya Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wanakutana hapo hapo, hurudii hadithi yako kwa watu wanne. Kuirudia kunachosha kuliko kipigo. Sitanii.

Na kungwi wake msimfukuze. Mimi wangu alinifunda nivumilie, kisha siku alipoona mgongo wangu akalia akanipa elfu thelathini za nauli. Wengine wanahitaji kuona mgongo.

---

Bajaji ya Njano

Mimi nipo barabara ya Kilwa kila siku. Fundi, tafuta vijana wawili wa kijiwe cha karibu, wenye akili, uwaambie ukweli nusu: "Huyu mtu akisimama hapa nipigieni." Usiwaambie wampige. Wakimpiga yeye atakuwa mlalamikaji na ninyi washtakiwa, nimeona kijana amelala rumande kwa ushujaa wa dakika tano.

Asitembee njia moja kila siku. Na mkubaliane neno. Dada mmoja abiria wangu alikuwa ananipigia anasema "njoo uchukue ile mashine," najua siyo mashine. Nafika na bajaji imewashwa.

---

Mwanachuo wa Mlimani

Nasoma sheria mwaka wa tatu. Kinachoniumiza ni kwamba majirani wametutangulia. Uganda wana sheria ya ukatili wa majumbani tangu 2010, Kenya tangu 2015, mwathirika anaomba amri ya ulinzi moja kwa moja. Sisi dawati la jinsia tunalo, sheria ya kulitumia vizuri hatuna. Tungekuwa na amri ile, huyu dada asingehitaji vijana wa kijiwe.

---

Karani Mstaafu

Mwanangu, sheria tuidai, nakuunga mkono. Lakini usiamini karatasi kupita kiasi. Mtafute kwenye masomo yako yule mama wa Castle Rock, Colorado, Jessica Gonzales. Mwaka 1999 alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya mumewe waliyetengana, imeandikwa kabisa polisi waitekeleze. Mume akawachukua mabinti zao watatu. Mama akapiga simu polisi jioni, akapiga tena, akaenda mwenyewe kituoni usiku. Wakamwambia asubiri. Alfajiri watoto wote wamekufa. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mwaka 2005 ikasema hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi waitekeleze ile amri. Ni Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliyokuja kusema mwaka 2011 kwamba dola ilimkosea. Marekani hiyo, yenye magari ya polisi yasiyoombwa hela ya mafuta.

Kwa hiyo nasema yote mawili. Aombe sharti la dhamana, na kijana wa bajaji awe na chaji kwenye simu.

---

Mwanachuo wa Mlimani

Nimeisoma usiku huu. Sijalala. BiOverloki, msaada wa kisheria bila malipo upo, kuna sheria yake ya 2017. Mashirika ya TAWLA na WLAC yote yana ofisi hapa Dar, wanawake wanasheria. Waende hata kabla ya tarehe 19 wamsaidie kuandika ile karatasi moja.

---

Mzee wa Kahawa

Nimesoma yote. Mimi nina chumba cha uani, hakina mpangaji tangu Ramadhani. Siandiki kiko wapi, Kinyonga atanigombeza. Fundi niandikie pembeni. Mke wangu yupo nyumbani muda wote na ni mkali.

---

BiOverloki

Wakuu, nimerudi. Naleta mrejesho, sikutaka kuandika kabla mambo hayajatulia kidogo.

Kwanza Mzee wa Kahawa, Mungu akuweke. Mke wako ni mkali kweli, nimeulizwa mimi kitambulisho.

Tulikwenda kwa wale wanasheria wanawake siku mbili kabla. Karatasi ilikuwa moja na nusu, wakaipunguza ikawa moja. Tarehe 19 saa mbili kasorobo tupo kwenye korido. Mwendesha mashtaka alikuwa anatembea haraka, akasema niacheni kwanza. Nikasimama njiani kwake. Mimi ni mnene, korido ni nyembamba. Akaisoma amesimama, alipofika kwenye ile meseji ya jela akairudia kwa sauti ndogo. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nikasema fundi wake.

Akaomba. Wakili wa jamaa akasema mteja wake anapita njia ya umma kwenda kazini. Hakimu akamuuliza jamaa kazi yake iko wapi. Akasema Kariakoo. Hakimu akamuuliza kwa hiyo kutoka nyumbani kwako kwenda Kariakoo unapitaje huko nyuma ya soko? Kimya. Akaandika: asifike kwenye fremu, asifike ninapoishi, asimpigie, asimtumie mtu kumfikishia ujumbe, aripoti kituoni kila Jumatatu. Nilimwona anaandika kwa mkono, kalamu ya bluu.

Sitawadanganya. Wiki ya kwanza hakupita. Wiki ya pili alikuja dada yake na mfuko wa nguo za mtoto, chini ya mfuko barua. Nikapokea nguo, barua nikaipeleka dawati bila kuifungua. Safari hii afande alikuwepo, mama mmoja mtu mzima, akaiandikia RB, akampigia jamaa simu mbele yangu. Sijui alimwambia nini, alitoka nje kuzungumza, ila tangu siku hiyo dada mtu ananipita bila salamu.

Vyeti tumevipata, pamoja na mwenyekiti. Kadi ya kliniki haikuwepo, wanasema imepotea. Mjomba ameambiwa habari ya Jamhuri, amekasirika na Jamhuri. Kungwi bado. Nimemwalika aje kupimwa dera, nitakapomaliza na yeye atapimwa binti mbele yake, kwa tepu ile ile.

Daktari ameitwa tarehe 3, binti atatoa ushahidi siku hiyo hiyo. Nilimshonea gauni la kuvaa mahakamani, kijivu, la heshima, mikono mirefu mpaka kwenye vifundo. Akalijaribu, akajiangalia kwenye kioo cha wateja muda mrefu, akalivua akanirudishia. Akasema mikono ikatwe juu ya kiwiko, pale mkanda ulipopita paonekane.

Nimeikata jana.